Ng'ombe Wanne Juu ya Jalada

Kutoka Tunduma hadi Bariadi nilitumia siku tatu, na kwa siku zote hizo kuna mfuko mmoja haukutoka mapajani mwangu. Begi la nguo nililiacha litupwe kwenye buti la basi pamoja na magunia ya watu, likatoka huko limelowa mafuta ya taa, sikujali. Lakini ule mfuko wa sandarusi niliupakata. Ndani yake mlikuwa na madaftari kumi na moja.

Iringa alipanda mama mmoja akakaa siti ya pembeni yangu. Alinitazama mpaka tulipoikaribia Mtera, ndipo akauliza.

"Kaka, samahani. Wewe ni mwalimu?"

"Hapana, mama."

"Mbona umebeba madaftari ya wanafunzi?"

"Ni kitabu. Nimeandika kitabu."

Akausogelea ule mfuko, akachungulia. "Kinauzwa bei gani?"

"Bado hakijawa kitabu."

"Aa." Akarudi kukaa vizuri. "Basi umebeba madaftari."

Dodoma nililala nyumba ya wageni, madaftari chini ya mto. Kesho yake Singida ikapita, Nzega ikapita, tukaingia Shinyanga jua limeshazama. Siku ya tatu nilipanda gari la kwenda Bariadi kupitia Maswa. Barabara ilikuwa lami tupu, nami nilikuwa naikumbuka ya vumbi, nikajikuta nina hasira na lami. Niliuchukia kila mti ambao sikuuacha pale. Ndivyo nilivyo. Natamani kuondoka kila nilipo, halafu nataka nilikotoka kusibadilike.

Nilizaliwa Nkoma, kijiji kisicho mbali na Bariadi. Nilipokuwa na miaka kumi baba alipata kazi kwenye magari ya ujenzi wa barabara, tukaihama kaya yetu, na tangu siku hiyo sijakaa mahali popote zaidi ya miaka sita. Tabora nilimaliza kidato cha nne. Mpanda nililinda ghala. Morogoro niliuza vipuri. Tunduma niliwajazia madereva wa malori fomu zao za mpakani, na huko ndiko nilikonunua kiwanja, ardhi ya kwanza na ya pekee kuwa na jina langu. Huko pia ndiko nilikoanza kuandika, kwenye foleni za malori, juu ya kila mahali nilipowahi kuishi, kuanzia ile kaya ya Nkoma. Kitabu nilikiita *Mahali*, neno moja tu.

Wachapishaji wawili niliwaandikia. Mmoja hakujibu. Wa pili alijibu kwa adabu kwamba kumbukumbu za mtu asiyejulikana hazina soko. Nikakiuza kiwanja. Niliamua nitakichapisha mwenyewe, tena huko huko kilikoanzia. Kwa hiyo mfuko ule mapajani ulikuwa madaftari, na ulikuwa pia ukumbi, vyumba viwili na choo cha nje ambavyo sasa sitavijenga. Vitabu visiponunuliwa, nitakuwa mtu wa miaka arobaini na kitu asiye na nyumba wala kitabu.

*

Nilifikia kwa shangazi yangu, dada wa mwisho wa baba, aliyekuwa mjane mjini Bariadi. Alikuwa akizunguka minada ya wiki akiuza michembe na nsansa, vile viazi vitamu vikavu na majani ya kunde yaliyokaushwa. Alinipokea uani, mikono ikiwa imejaa vumbi la viazi.

"Mwangaluka, baba." Shangazi zetu hutuita baba, kwa kuwa tumebeba ukoo wa kaka yao.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, salama tu.

Akachungulia nyuma yangu kama kuna mtu amebaki getini. "Mke yuko wapi?"

"Sina mke, shangazi."

"Watoto?"

"Hakuna."

"Sasa miaka yote hiyo umeleta nini?"

"Kitabu."

Alivuta pumzi. "Haya. Ingia na kitabu chako."

Karibu na stendi kulikuwa na steshenari ya dada mmoja wa miaka thelathini na kitu. Kibao chake kilisema anachapa, anatoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Nilimpelekea madaftari, akawa anachapa kila alipokosa wateja wengine, nami nikikaa pembeni kumsomea palipokuwa na mwandiko mbaya. Alichapa kwa vidole viwili kwa kasi ya cherehani. Kama sisi sote tuliokulia Kisukuma, akiongea haraka r ilimponyoka. Barabara aliita balabala, na karatasi kalatasi. Lakini akiandika hakukosea hata moja.

Tulipofika daftari la tano aliniuliza, bila kuacha kuchapa:

"Kaka, hiki kitabu atakinunua nani?"

"Wasomaji."

"Hao wasomaji wanakaa wapi?"

Niligeuza ukurasa wa daftari. Akaendelea: "Mimi nikichapa barua ya kuomba kazi najua inakwenda wapi. Nikichapa kadi ya mchango najua nani ataikimbia. Hii yako sijui nampelekea nani."

"Mimi siandiki ili niuze," nikasema, na nilisikia jinsi nilivyoisema, kama padri.

"Ungekuwa huandiki ili uuze, ungeyaacha kwenye madaftari. Ungekuja hapa ukanisomea, tukanywa soda, ukaenda zako. Umeuza kiwanja, kaka. Mtu akiuza kiwanja amefungua biashara."

Nilitoka nikaenda kusimama nje kwenye jua, nimekasirika. Nilikuwa na majibu mengi ya kwa nini naandika, na yote nilikuwa nimeyafanyia mazoezi: kutunza historia, kuwaachia vijana kitu. Pale nje, kati ya bodaboda na mafundi viatu, niliona kwamba yote nilikuwa nimeyaokota redioni. La kweli lilikuwa dogo na la aibu kidogo. Nilitaka watu wa Nkoma wajue kwamba yule mtoto aliyeondoka kwenye gari la ujenzi hakupotea. Nilitaka jina langu likae mahali ambapo mimi nilishindwa kukaa.

Nikarudi ndani. "Tuseme ni biashara. Nifanye nini?"

"Kwanza jalada," akasema. "Huna jalada."

*

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na nitalieleza vizuri kwa sababu watu hudhani nilifanya makusudi.

Kurasa za ndani alimtumia mchapaji wa Mwanza kwa kompyuta, na ndani mlikuwa sawasawa, MAHALI, herufi kwa herufi. Jalada, kwa kuwa hatukuwa nalo, aliagiza kwa simu. Nilikuwa nimekaa pale pale. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Jina la kitabu ni Mahali. Eeh. Mahali. Ndiyo, tafuta picha nzuri inayofanana na hayo mambo. Wewe si unaelewa."

Mchapaji akasema ameelewa. Na kweli alielewa, kwa namna yake. Kwa miaka mingi amekuwa akipokea kazi za watu wa huku kwa simu, naye amejizoeza kurudisha kila r tunayoiangusha. Akiambiwa halusi anaandika harusi. Akiambiwa kula za uchaguzi anaandika kura. Sasa dada wa Bariadi anampigia, anataja kitabu, anasema mahali. Angefikiria nini kingine? Msukuma anatoa kitabu, ni lazima kiwe cha ng'ombe wa kuolea.

Sampuli ya jalada ilikuja kwenye simu ya dada adhuhuri, kioo kikimeta kwa jua. Nilichoona ni ng'ombe wanne wamesimama mbele ya boma la minyaa, mmoja wao mwekundu mwenye baka jeupe kifuani. Baba alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo. Nilisahau kila kitu.

"Ng'ombe hawa wamewatoa wapi?" nikasema. "Angalia huyu mwekundu!"

"Wamependeza," dada akasema. "Wachape?"

"Waambie wachape."

Nilitazama ng'ombe. Herufi sikuzitazama. Wala yeye, maana alikuwa na foleni ya watu wa kopi.

Vitabu mia tatu vilifika kwa basi vikiwa katika katoni. Nilifungua ya kwanza pale dukani kwa wembe. Ng'ombe walikuwa wamependeza zaidi kuliko kwenye simu. Juu yao, kwa herufi nyekundu za kuonekana ng'ambo ya barabara, paliandikwa MAHARI.

Dada alishika kitabu kimoja, akakitazama, akajiziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, maskini, na machozi yalikuwa yakimtoka kwa kunihurumia, vyote kwa pamoja.

"Nilisema mahali," akasema.

"Nilikusikia."

"Nilisema mahali kabisa!"

"Ulisema. Na yeye akasikia Msukuma anasema mahari."

Mchapaji alipopigiwa alisema jalada tulilipitisha wenyewe, na ni kweli tulilipitisha. Kuchapa majalada upya kungehitaji kiwanja kingine. Nikapakia katoni kwenye bodaboda, nikazisukuma chini ya kitanda nyumbani kwa shangazi, na kwa siku nne sikumwambia mtu neno. Niliwaza Kigoma. Nikiwa na shida huwaza mji ambao sijakaa.

*

Siku ya tano shangazi alirudi kutoka mnadani mapema, beseni likiwa tupu, ametulia kama mtu aliyeuza.

"Vile vitabu vyako vimekwisha," akasema.

"Vitabu gani?"

"Nilivyochukua. Ishirini. Niliviweka karibu na michembe. Wengine nimewaambia waje wiki ijayo."

"Shangazi, umevichukua bila kuniambia?"

"Wewe ulikuwa unavilalia kama kuku. Kitabu kinaatamiwa?" Akakaa kwenye kigoda, akavua kandambili. "Na mimi nikikuona husemi habari ya kuoa, kumbe umekaa huko unajifunza mahari. Nilifurahi, baba."

Ningemwambia saa ile ile. Sikumwambia. Vitabu ishirini vimenunuliwa, na mimi kwa miezi sikuwa nimesikia maneno hayo hata ndotoni.

Wiki iliyofuata nilikwenda naye mnadani. Ng'ombe walikuwa wakiingizwa zizini, madalali wakipiga kelele, vumbi limesimama, na kando ya nguo za mitumba nilikaa nyuma ya vitabu vyangu. Watu walikuja. Waliwatazama ng'ombe wa jalada kama wanavyotazama ng'ombe wa kweli, walijadili pembe zao, wakauliza. Kijana mmoja mwenye koti la mvua aliinama.

"Humu wameandika msichana aliyesoma anatolewa ngapi?"

"Soma utaona," nikasema.

Maneno mawili. Niliyasema kama mara thelathini siku ile. Sikusema uongo wowote, nilikuwa nikijiambia. Nimeandika kitabu, wao wananunua kitabu. Dada wa steshenari alikuwa amenifundisha kwamba mwenye biashara humpa mteja anachotaka, na mimi nikajifanya ndicho ninachofanya. Lakini nilianza kukaa nikiwa nimeipa mgongo njia ya Itilima, kwa sababu watu wa Nkoma huingia mnadani kwa upande ule. Fikiria jambo hilo. Nimeandika kitabu ili watu wa Nkoma wanione, sasa nawageuzia mgongo wasinione.

Mnada baada ya mnada, nusu ya vitabu ilikuwa imeondoka. Usiku nililala vibaya, na mchana niliogopa kila mtu aliyekuja akiwa amekishika kimoja mkononi.

*

Alikuja wiki ya tatu. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye kofia ya pama na simu iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Kitabu alikuwa amekifunga ndani ya mfuko wa nailoni kisichafuke. Alisalimia bila haraka, mimi na shangazi, mpaka salamu zilipokwisha zote. Ndipo akachutama mbele yangu.

"Wewe ndiye mwenye kitabu?"

"Ndiye mimi."

"Mimi natoka Nkoma. Nina binti amemaliza chuo cha ualimu, amepata mchumba, na wazee wa upande ule wanakuja kuzungumza. Nikanunua kitabu hiki nipate maneno. Binti mwenyewe ndiye amenisomea, kila jioni baada ya kukamua."

"Ndiyo, mzee."

"Tumemaliza. Mahali hatujaiona. Nikamwambia binti, rudi nyuma, umeruka ukurasa. Akasema baba, sijaruka. Nikamwambia labda unaruka makusudi. Akarudia mwanzo. Mahali hakuna."

Watu wawili watatu walisimama kusikiliza. Shangazi aliacha kupanga michembe. Nilihisi kile kiwanja cha Tunduma kikinitoka mara ya pili. Nikaona pia kwamba sina nguvu ya kusema soma utaona kwa mtu ambaye amesoma.

"Mzee," nikasema, "ni kosa la uchapaji. Kitabu hiki hakiitwi hivyo. Kinaitwa *Mahali*."

"Sema tena."

"Mahali."

"Ndiyo," akasema kwa subira. "Mahali. Ya ng'ombe."

"Hapana, mzee. Mahali pa kukaa."

Akanitazama. Akaligeuza jalada, akawatazama ng'ombe, akanitazama tena. Nyuma yake muuza mitumba akauliza kwa sauti, "Anasema mahali ipi? Ya kukaa au ya kuolea?"

"Ya kukaa!" shangazi akajibu, na nikajua kwamba na yeye ndio kwanza anaelewa. Akanigeukia. "Kwa hiyo humu hamna mahari?"

"Hamna, shangazi."

"Hata kidogo?"

"Hata ng'ombe mmoja."

Akacheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia, cha kupiga mapaja, na michembe ikamwagika. Muuza mitumba akacheka. Mzee wa Nkoma alichelewa, alikuwa mtu wa kuchelewa, lakini alipoanza hakuacha. Alivua kofia akajifuta uso.

"Sasa ninyi mnauza mahali ya kukaa na picha ya mahali ya kuolea!"

"Na yeye mwenyewe hajatoa hata mbuzi," shangazi akamwambia, kunimaliza.

Nilikuwa nacheka na mimi. Ule mzigo uliokuwa kifuani kwa wiki tatu ulikuwa umeondoka bila kuniaga. Nikaingiza mkono mfukoni nimrudishie yule mzee hela yake, akanishika kiwiko.

"Nani kasema nakirudisha?" Akafungua kitabu katikati, palipokuwa na jani la pamba limewekwa kama alama. "Hapa umeandika kaya yenye minyaa upande wa machweo, na lambo linalokauka mwezi wa tisa, na jiwe ambalo mama yako alikuwa akisagia. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Mimi nalima pamba pale. Lile jiwe kuku wangu wananywea maji. Binti alipofika ukurasa huu nilimwambia ngoja, hapo ni kwetu. Nikamwambia soma tena." Akakifunga, akakirudisha kwenye nailoni. "Nimekuja kuuliza mahali ya kuolea. Lakini na hilo pia nilitaka kuuliza, ni wewe?"

"Ni mimi," nikasema.

*

Jioni ile nilichukua kipande cha katoni nikaandika kwa wino mzito: KITABU HIKI SI CHA MAHARI. NI CHA MAHALI. NG'OMBE WA JALADA WAMEPOTEA NJIA. Nilikisimamisha mnada uliofuata. Waliokuwa wamedanganyika niliwaambia wavilete, nikawarudishia hela zao. Kama kumi na wawili walileta, mmoja akiwa ameshakisoma na kukipaka mchuzi, naye nikampa. Waliobaki walisema wameshazoea. Wengine walikuja kwa ajili ya kibao chenyewe, wakawa wanasomeana kwa sauti na kubishana mahali ipi ni ipi, halafu wananunua. Mauzo yalipungua. Lakini sasa aliyenunua alijua anachonunua, na mimi nilikaa nikiwa nimeielekea njia ya Itilima.

Nilikwenda Nkoma kwa mwaliko wa yule mzee. Pamba ilikuwa imeanza kupasuka. Minyaa ilibaki miwili, lambo lilikuwa na maji, na jiwe lilikuwa dogo kuliko kwenye kitabu. Nilitegemea nitalia. Badala yake nilisikia njaa, tukala ugali na maziwa ya mgando, na binti yake, aliyekuwa na sauti ya mwalimu tayari, aliniuliza kwa nini niliandika.

Sikumtajia historia wala vijana. "Niliogopa kwamba hakuna atakayejua tuliwahi kukaa hapa," nikamwambia.

"Sisi tunajua," akasema. "Tumesoma mara mbili."

Alisema kama jambo la kawaida, akaondoa vyombo. Nilibaki nimekaa pale na nilikuwa mwepesi mno, karibu nishike kigoda nisipeperuke. Kwa miaka thelathini nilikuwa nimeishikilia kaya ile peke yangu kichwani, kila mji, kila chumba cha kupanga, kwa hofu kwamba nikiiachia itaanguka. Sasa ilikuwa imeshikwa na watu wengine, tena wanaokaa hapo hapo.

Vitabu vilikwisha kabla ya msimu wa pamba kwisha. Nyingi za hizo nakala za mwisho aliziuza dada wa steshenari kwa walimu, maana yeye aliuliza kwanza kila shule wanataka nini ndipo akapeleka. Nilichopata kingetosha kununua kiwanja kama kile, au kuchapa tena. Kuchagua hakukunichukua hata usiku mmoja.

"Tuchape tena," nikamwambia. "Ila safari hii andika L."

Akaacha kazi. "Kaka. R ndiyo imeuza."

"Najua."

"Mtu wa biashara habadilishi kinachouzwa."

"Kitabu cha mahari kinatakiwa, hilo tumeliona. Kaa na shangazi, yeye anajua mazungumzo yote ya posa tangu mwanzo hadi ng'ombe wa mwisho. Kiandikeni ninyi, kitauzwa kuliko changu. Lakini changu ni L."

Aliwaza. Nikaona lile wazo likimwingia usoni, la kitabu chake mwenyewe, na hakubisha tena. Akampigia mchapaji.

"Ni L. Ya limau. Hapana, sio ndimu, limau. Eeh, la… la…" Akaanza kucheka. "Ngoja nikuandikie meseji!"

*

Niliondoka asubuhi ya siku ambayo mzigo uliingia. Sikupanga hivyo, basi la Mwanza lilishusha katoni nikiwa nimeshakata tiketi ya kwenda upande mwingine, Kigoma, mji ambao sikuwahi kukaa. Shangazi alikuja kunisindikiza, na dada akafunga duka kwa robo saa.

"Hurudi," shangazi akasema.

"Nitarudi kuwasalimia."

"Baba, usinidanganye, mimi nimekuuzia vitabu." Hakusema kwa uchungu. Alikuwa akifungasha kitu kwenye ule mfuko wangu wa zamani wa sandarusi. "Kwenda nenda. Zamani ulikuwa unakimbia, sasa angalau umeaga."

Dada alipasua katoni kwa ufunguo. Tukainama wote watatu. MAHALI, herufi nyekundu, L imesimama wima kama nguzo. Chini yake, mbele ya boma la minyaa, walikuwepo ng'ombe wanne, na yule mwekundu mwenye baka kifuani.

"Ng'ombe hukumwambia awaondoe," dada akasema.

"Waache," nikasema. "Wameshazoea."

Niliacha katoni zote kwa dada. Shangazi akanipa mfuko. Ulikuwa umejaa michembe, mzito kuliko madaftari yalivyokuwa. Nilipanda, nikatafuta siti yangu, na kondakta akaniuliza kama mzigo ule ni wa kuvunjika. Nikamwambia hapana. Nikauinua, nikausukuma kule juu pamoja na mizigo ya watu wengine, nikakaa mikono mitupu.